Ngitili yetu haijamegwa

Leo mkutano mkuu wa kijiji umekataa ngitili yetu, yaani eneo letu la malisho ya akiba, kugawiwa kuwa mashamba. Nimefurahi kutoka moyoni! Wazee wa hapa Shinyanga wanakumbuka miti ilivyokwisha, hadi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 na Wasukuma wakahimizwa kurudia desturi yao: malisho yanafungwa masika, yanafunguliwa kiangazi majani yakiwa yameadimika kwingine. Humo tunapata kuni, dawa, asali, uyoga, hata nyasi za kuezekea.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ndiyo maana kura zetu ni muhimu. Vijana wenzangu, leo mlikuwa wachache mno. Mkutano ujao tunapanga siku ya kufungua malisho, njooni.