Tungo la maua 12 ndani ya tyubu ya marhamu

Wiki iliopita mpwa wangu aliteleza pale gatini Lamu akachunika goti kwenye mawe, nikakimbilia duka la dawa nikapewa tyubu ya marhamu, na mi nina tabia ya kusoma kila kilichoandikwa kwenye boksi, nikakuta jina bacitracin. Toka siku hio kila usiku nasoma habari zake.

Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1943 kule New York kuna msichana alivunjika mguu vibaya, jina la ukoo wake Tracy, na vijidudu vya kwenye kidonda chake vilipooteshwa maabara ikaonekana kuna bakteria wa jamii ya Bacillus anaewamaliza wale wa usaha. Bacillus na Tracy, wakaunganisha. Yani dawa ilikuwa kidondani mle mle, subhanallah.

Lakini kilichonishika hasa ni vile bakteria huyo anavoitengeneza. Protini za kawaida huungwa na ribosomu, kijimashine cha ndani ya seli, inafuata maagizo ya jeni na kutia asidi amino, yani vipande vya kuungia protini, moja moja, na inazotumia kwa kawaida ni aina 20 tu. Bacitracin haipitii huko kabisa! Inaungwa na enzaimu (vimeng'enya) 3 kubwa mno, na wakati wa kuunga hakuna maagizo yanayosomwa. Sasa kila asidi amino inajuaje zamu yake?

Hapo nikamkumbuka bibi yangu na wenzake wakitunga asumini jioni ya harusi. Chukulia wako wanawake 12 kwenye mikeka mitatu, kila mkeka ni enzaimu moja na kila ua ni asidi amino, mkeka wa kwanza watano, wa pili wawili, wa tatu watano. Kila mmoja ana ua la aina moja mbele yake na hagusi la mwenzake. Wa kwanza anatia lake kwenye uzi anampa wa pili, wa pili anatia lake anampa wa tatu, hivo hivo uzi ukiwa mkononi mwa mtu muda wote mpaka kwa wa mwisho. Utaratibu wote wa tungo uko kwenye vile walivokaa, basi. Na wanne kati yao wanaligeuza ua liwe kama sura yake ya kwenye kioo kabla ya kulipitisha, maana enzaimu nyingi za kukata protini zimezoea ule upande wa kawaida na hapo zinapata taabu kukata. Mmoja anatia ornithini, ambayo hata haimo kwenye zile 20. Mwisho ncha ya uzi inakunjwa inafungwa kwenye ua la 6, unapata duara la maua 7 lenye mkia wa maua 5. Nilipoliona duara lile kwenye mchoro nilikaa nalo muda mrefu, nahesabu kwa kidole.

Kazi yake ni hii. Bakteria akijenga ukuta wake, matofali yanavushwa nje na molekuli ya mafuta, inashusha mzigo halafu inarudi kuchukua mwingine, kama mashua. Bacitracin inaikamata ile mashua ikiwa imeshashusha, isirudi tena, na ujenzi wa ukuta unakwama. Mwenye kuitunga yeye ana pampu ya kuitoa nje isimdhuru. Sisi binadamu ikiingia mwilini kwa sindano inaumiza figo, ndo maana zaidi tunaipaka tu juu ya ngozi.

Ziko peptidi nyingine, yani tungo fupi za asidi amino kama hii, zinazopita kwenye ribosomu kama kawaida, nisini ya bakteria wa maziwa ni mojawapo, hizo ntaziandikia siku yake.

Ila hili la kukaa kwa zamu lina jambo kubwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walichukua enzaimu za namna hii, zile za peptidi ya surfactin, wakamtoa aliekaa kiti cha mwisho wakaweka mwingine mwenye ua lake, na tungo likatoka na ua jipya pale pale. Wamebadilisha kiti kimoja tu.