Mvua ya sebuleni

Jana baada ya isha nilikaa chini sebuleni kwetu Langoni, Lamu, nyuma ya kabati la televisheni, tochi mdomoni. Kompyuta nilikuwa nimeiunga na homu thieta kwa waya wa tundu la hedifoni: milimita 3.5 upande mmoja, vichwa viwili upande wa pili, chekundu na cheupe. Spika tano na sabufa, zinazosema mbili tu! Waya ule hubeba njia mbili za sauti, kushoto na kulia, basi. Tena ulinguruma kila nikichomeka chaja, nikiichomoa, kimya. Na ncha zake zilishaota kutu ya kijani. Upepo wa chumvi hapa hausazi kitu.

Nikauweka kando, nikatia waya wa HDMI, ule ubebao picha na njia zote za sauti pamoja, kisha kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta nikachagua amplifaya ya homu thieta na 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Usipochagua, spika za nyuma hukaa bure.

Nikaweka filamu. Ilipofika penye mvua, mama akainuka mkekani, akageukia dirisha la nyuma.

"Mwanangu, nguo ziko juu!"