Mnajimu asiyepiga ramli

Saa 11 alfajiri, Majengo, Moshi. Naamka kuwahi bando la usiku kabla halijaisha. Faili la Chandra, darubini iliyoko angani, bado linashuka. Chai, uji, kufagia, saa 3 nipo mezani.

Nachunguza mabaki ya nyota iliyolipuka, ile aliyoiandika Tycho Brahe, mnajimu wa Denmark, mwaka 1572 kwa macho matupu, maana darubini zilikuwa hazijabuniwa. Mpaka leo wimbi la mlipuko ule linaipiga gesi hadi inafika joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa miale ya eksirei. Eksirei hizo zinamezwa na hewa yetu, hakuna inayofika chini. Ndiyo maana Chandra ilirushwa mwaka 1999. Kwa hiyo hata mawingu yakiondoka Kibo usiku kucha, mimi nalala. Kazi yangu ni ya mchana: kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, kila moja na nguvu yake.

Saa 5 hivi grafu ikaanza kukaa sawa. Karibu na kiloelektrovolti 1.86 (kipimo cha nguvu ya fotoni) kikachomoza kilima kirefu, chembamba: silikoni, hiihii iliyomo kwenye mchanga wa kujengea. Nikaiacha programu ilinganishe.

Hodi. Mama mwenye nyumba.

"Mwanangu, wewe si unasoma nyota?"

"Ndiyo, mama."

"Niangalizie ya kaka yako. Lori limemharibikia mara tatu mwezi huu. Wameifunika?"

"Mama, mimi sipigi ramli. Na hizi zangu zilishakufa."

Akashika kifua. "Nani kaziua?"

Nikaeleza. Akauliza kama nasomea maiti. Nikamwonyesha picha, duara lenye mapovumapovu. Akasema kitumbua kilichoungua. (Hajakosea sana.) Nikaeleza tena, safari hii kwa mchanga na sufuria. Akatikisa kichwa kwa adabu, kisha: "Sasa hicho kitumbua kinasemaje kuhusu lori?"

Hapo umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilishachoka zamani, na sikuwa nimehifadhi. Saa nzima ya hesabu, kwisha. Mama akanipa pole, akaniangalia kama mtu aliyeponzwa na maiti zake.

Mchana sikumbuki vizuri. Joto, nzi, daftari, kalamu. Umeme ulirudi giza limeshaingia. Nikaanza upya, macho yanauma. Kilima kikarudi palepale, 1.86. Nikacheka peke yangu.

Mtoto akaleta sahani ya mtori kutoka kwa mama. Chini ya sahani, kikaratasi: tarehe ya kuzaliwa ya kaka, na namba ya lori.