Kome wa mtoni na maji ya Mombasa

Sisi wakazi wa Mombasa hunywa maji yatokayo mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na vyanzo vidogo vya Marere na Tiwi. Mazungumzo kuhusu wanyama wa mito hiyo huishia kwa viboko na mamba, na hapa pwani kasa ndio wenye watetezi wengi; wanaoishi mchangani chini ya maji hawatajwi, isipokuwa konokono, nao kwa sababu ya kichocho.

Anayenishughulisha zaidi ni kome wa maji baridi, mnyama laini anayeishi ndani ya makombe mawili yanayofunga na kufunguka. Hujizika nusu mchangani, huvuta maji, huchuja mwani, bakteria na chembe za uozo, kisha huyatoa yakiwa safi zaidi, na spishi moja ya Ulaya huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Uzazi wake ndio ulio mgumu. Jike huwalea watoto ndani ya matamvua yake, yaani viungo vya kupumulia majini, na wakishatoka, katika jamii nyingi ni lazima wajishike kwenye matamvua au mapezi ya samaki kwa muda kabla ya kudondoka na kuanza kujitegemea, tena spishi nyingine hukubali samaki wa aina chache tu. Samaki hao wakitoweka, mto waweza kubaki na kome wazee kwa miaka mingi, wakaonekana wazima, ilhali hakuna hata mmoja anayezaliwa akaishi. Marekani iliondoa spishi 8 za kome katika orodha yake ya viumbe walio hatarini mwaka 2023, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kabisa.

Kwa hiyo, kumhifadhi kome peke yake hakuwezekani. Kinachohifadhiwa ni mchanga anaokaa, ambao kwetu huchotwa kwa malori ya ujenzi, na njia ya samaki anayembeba. Njia hiyo hiyo huhitajiwa na mikunga wa mtoni, samaki warefu kama nyoka, ambao huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mito na kukulia humo kwa miaka, kisha hurudi baharini kuzaa. Wapo pia kamba wa mtoni ambao watoto wao hukulia kwenye maji yenye chumvi kidogo, karibu na mlango wa mto. (Wavuvi wanawajua vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika.)

Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale ni kwa ajili ya kiu yetu wenyewe, na mimi silipingi, maana mji ambao mifereji yake hukauka mara kwa mara hauna haki ya kujifanya hauhitaji maji. Ila ningependa kila mradi wa namna hiyo uanze kwa kupekua mchanga wa mto na kuorodhesha waliomo, wakiwemo wasio na uti wa mgongo, kisha ueleze mkunga atapanda kwa njia gani na ni maji kiasi gani yataachwa yatiririke chini ya ukuta wakati wa kiangazi.