Siku yangu maabara: kappa, lambda na bakuli la mtori

Saa 1 asubuhi niko kwenye daladala natoka Majengo, konda anabishana na mama mmoja kuhusu ndoo yake ya maparachichi, mi nawaza friji ya kazini tu, maana kazi yangu ni kupima seli za damu kutafuta dalili za saratani.

Saa 2 naanza na hiyo hiyo friji, lazima isome kati ya nyuzi 2 na 8, maana kingamwili zetu, protini za kunasa alama za seli, zimeunganishwa na rangi ili seli iwake, na ukizigandisha ndo basi tena, na bei yake aisee tuache.

Saa 3 sampuli zinashuka, tyubu za kifuniko cha zambarau. Moja ya mzee ambaye limfositi zake, yaani seli nyeupe za kinga, zimepanda mno, daktari anataka kujua ni saratani au mwili unapambana na maambukizi tu.

Saa 4 ndo kazi yenyewe. Wanafunzi wa fildi wakiona CD19, moja ya alama za juu ya seli, imewaka wanashtuka, jamani, CD19 na CD20 hata seli B zisizo na ugonjwa, zile limfositi za kutengeneza kingamwili, zinazo! Zinakutajia ukoo tu. Mi naangalia kappa na lambda, aina mbili za kipande cha kingamwili: kila seli B iliyokomaa inabeba moja kati ya hizo, na kwa mtu mwenye afya utakuta zimechanganyika, kappa zimezidi kama mbili kwa moja hivi. Zikijaa za aina moja tu, ujue zote zimezaliwa na seli moja.

Ila damu uioshe kwanza, bafa, sentrifuji, mwaga, rudia, kwa sababu plazma imejaa kingamwili za mgonjwa mwenyewe nazo zina kappa na lambda, zitazidaka kingamwili zako za rangi kabla hazijafika kwenye seli. Halafu unaweka kingamwili za rangi, dakika 15 gizani, mi nafunika na foili.

Saa 7 mtori, haraka haraka.

Saa 8 mashine, leza inapiga seli moja moja na vidoti vinajaa kwenye skrini. Za mzee: CD5, ambayo kwa kawaida ni ya seli T, limfositi za aina nyingine, ipo kwenye seli B, CD23 ipo, CD20 inawaka kinyonge, na karibu zote ni lambda. Hiyo inaelekea lukemia sugu ya limfositi, saratani ya damu, CD23 ingekosekana ningewaza limfoma ya mantle, saratani nyingine ya seli B.

Mwanafunzi ananiuliza, "Dada, si tuandike saratani tu?" Hapana mdogo wangu, andika ulichokiona, na ukali wa CD20 usiuruke maana dawa ya rituximab inashika hapo hapo. Daktari ataunganisha na slaidi na mgonjwa mwenyewe.

Saa 10 naosha mashine, kesho kuna uboho wa mtoto, nishaitoa pembeni kingamwili ya CD10, alama ya seli B changa.