Ndege wa gramu nne, makeke ya rubani

Jamani, leo nimemwona yule ndege mvumaji (hummingbird) wa aina iitwayo Anna akijitupa kutoka angani! Nilikuwa Torrey Pines, hapa San Diego, California, kwenye vichaka vikavu vinavyoshuka hadi baharini. Dume hupanda mita 30 hivi, kisha anaporomoka kama jiwe. Akifika chini kabisa, karibu na jike, unasikia "chiip!" kali. Nilidhani anapiga kelele kwa mdomo, kumbe ni mkia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba upepo hutikisa manyoya ya pembeni ya mkia ndipo yanalia.

Kichwa na koo vya dume huonekana vyeusi, mpaka jua limpige vizuri ndipo viwake waridi.

Ila kwa malezi, dume hovyo. Akishampanda jike, kazi yote ni ya mama: anajenga kijumba kwa sufi ya mimea na utando wa buibui, kinachotanuka makinda yakikua, na anaatamia mayai mawili peke yake. Tena huanza mapema, hata Desemba, kwa kuwa mvua za pwani hii huja majira ya baridi na maua hufuata. Kichaka kimoja cha mwituni (aina ya gooseberry) chenye maua mekundu yanayoning'inia huchanua kuanzia Januari, na ndege huyu ndiye mchavushaji wake mkubwa.

Usiku wa baridi hushusha joto la mwili na kuzima karibu kabisa, asije akafa njaa kabla ya asubuhi.

Picha zangu zote zimetoka ukungu, msiniulize.