Mkono Begani

Tangu mdogo wangu anusurike katika ajali ya basi karibu na Segera, kila honi ya lori hapa Ngamiani ilimpandisha mabega, naye akabana pumzi kama mtu aliyezamishwa majini. Kwa mshauri nasaha alisimulia yote kwa utulivu, lakini mwili wake ulikuwa bado umo ndani ya basi lile. Mfumo wa neva uliopata kiwewe huweza kuendelea kuuchochea mwili umwage adrenalini, homoni ya kujihami, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza, hata pale akili inapojua kwamba hatari imepita. Mshauri akaafiki tumwite pia shangazi, mkandaji wa siku nyingi, ambaye kabla ya kumgusa popote humwuliza, “Mwanangu, nikuwekee mkono hapa?” na akikataliwa huuondoa mara moja. Ruhusa hiyo, kwa maoni yangu, inatibu kuliko hata mafuta ya nazi. Kukandwa hakuchukui nafasi ya mazungumzo, ambayo ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kitaalamu. Humtuliza kiasi cha kuweza kuzungumza. Juzi, akikandwa bega, alishusha pumzi ndefu, akalia, na kesho yake akamweleza mshauri habari za abiria aliyeketi pembeni yake, ambaye hakuwahi kumtaja.